Ninauza Kimya

Ninauza kimya.
Si mzaha: nakata sufu iliyoshindiliwa, unene wa vidole viwili,
naibandika kwenye kuta za mikahawa na ofisi
ili kijiko kisigombane na sahani,
ili watu wasikilizane bila kupayuka.
Karakana yangu iko Łódź, ghorofa ya tatu,
ndani ya kiwanda cha pamba kilichokufa kabla sijazaliwa.
Novemba hii madirisha yanatoka jasho.

Daktari Wrona, wa meno, alikuja mwenyewe.
Aligusa sampuli ya kijani kama anayegusa shavu la mtoto.
"Mashine yangu inawatisha wanaosubiri nje," alisema.
"Nitumie bei kabla ya Ijumaa."
Nilimtumia Jumatano, saa nane usiku,
kwa sababu saa nane mchana nilikuwa napaka rangi baiskeli
ambayo asubuhi sikuwa na mpango nayo.

Ijumaa ikapita. Na ya pili ikapita.
Ninauza kimya, naye kanilipa kimya.

Daktari mwingine, wa kichwa, aliniandikia herufi nne
nikiwa na miaka thelathini na minne.
Alieleza vizuri. Nilisikia nusu;
nusu nyingine nilikuwa nahesabu vitundu vya dari yake.
Nilichoshika ni hiki: wenzangu wana jana, na kesho, na mtondogoo.
Mimi nina sasa, na si sasa.
Kwa hiyo asiyenijibu leo hajachelewa.
Amenikataa tangu dunia kuumbwa,
yeye, na mkewe, na mwalimu wangu wa darasa la tatu.

Nafungua barua pepe. Hakuna.
Nabandika maji ya chai. Nafungua. Tangazo la viatu.
Naenda kuepua maji, nakuta sikuwasha jiko.
Nafungua.

Husemwa kimya kingi kina mshindo mkuu.
Kifaa cha kupimia ninacho. Nilikilaza kando ya simu usiku kucha:
desibeli ishirini na mbili.
Hapakuwa na mshindo. Friji tu, ikikoroma.

Basi Jowita akanitungia sheria, kwa kalamu nene, ukutani,
mahali ambapo hata mimi siwezi kupapoteza:
kumbusha siku ya tano,
kumbusha siku ya kumi,
kisha aga kwa adabu, funga mlango,
na usichungulie kwenye tundu la ufunguo.
Kila Jumanne huketi nami kwenye skrini, yeye akifuma soksi huko Szczecin.
Hasemi kitu. Yupo, kama jiwe juu ya karatasi.
Nami naandika: "Habari za leo, Daktari. Nakumbushia tu."
Neno "tu" nimelifuta mara sita. Limerudi mara saba.

Jumanne iliyopita, nikisaka anwani yake,
nikaangukia barua ya Otylia Kmieć,
maktaba ya watoto, Pabianice. Ya mwezi Agosti.
"Bado unaweza kutusaidia? Chumba chetu cha hadithi kina mwangwi."
Nilikuwa nimemjibu. Naapa.
Nakumbuka kila sentensi, nakumbuka na tramu niliyokuwamo,
na mvua, na utani wangu kuhusu mwangwi.
Nilimjibu kichwani.
Wiki kumi na mbili mama wa watu anafungua barua pepe,
anabandika maji ya chai.

Sikujitetea. Mistari minne,
nikaituma kabla haijageuka si sasa.
Jowita aliinua macho, hakuuliza.

Otylia hajajibu. Ana haki ya kunilipa kwa sarafu yangu.
Na Daktari Wrona, nani ajuaye,
huenda naye alishanijibu zamani, kwa maneno mazuri, kwa shukrani,
vidole vyake vikiwa kinywani mwa mtu.

Kesho ni siku ya kumi.
Nimetega kengele tatu.
Moja nimeshaizima, sikumbuki kwa nini.